Bata aliyeangamia kisiwani na bata asiyelea watoto wake

WAFUGAJI wa Ndhiwa, Oyugis na Rongo wanaijua mbinu hii ya tangu jadi: mayai ya bata huwekwa chini ya kuku anayeatamia. Kuku huyalalia kwa uvumilivu, ingawa mayai yake mwenyewe huanguliwa kwa siku 21 na yale ya bata mzito wa vijijini, ambaye asili yake ni Amerika Kusini, huchukua takriban siku 35. Vifaranga wakifika mtoni hujitosa majini, naye mama wa kupanga hubaki ukingoni akihangaika.

Huo ni ujanja wa binadamu. Lakini huko huko Amerika Kusini yuko bata aufanyaye bila kufundishwa na mtu. Ni bata mwenye kichwa cheusi, anayeishi katika mabwawa ya Argentina, Chile na nchi jirani. Katika jamii nzima ya bata, ambayo ina aina zaidi ya 150, ni yeye peke yake asiyejenga kiota wala kulea hata mara moja. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine wa majini, hasa kukuziwa, na kwenda zake.

Msomaji atamwita mvivu na mwizi. Mwandishi huyu anaona hukumu hiyo ni kali mno. Kifaranga wa mlembe, ndege wetu mwonyesha asali, huzaliwa na ndoano mdomoni na kuwaua watoto wa mwenye kiota. Kinda la bata huyu halimdhuru yeyote. Huhitaji joto la kuatamiwa tu. Baada ya siku moja au mbili huondoka na kujitafutia chakula.

Sasa tumtazame mwenzake aliyetoweka. Katika kisiwa cha Mauritius aliishi bata bukini aliyekuwa ndugu wa karibu wa bata bukini wa Misri, yule ambaye wakazi wa Mbita na Muhuru Bay humwona akichunga majani kando ya Ziwa Victoria. Waholanzi walitua Mauritius mwaka 1598 na kuanzisha makazi mwaka 1638. Kabla ya karne hiyo kwisha, bata huyo hakuwapo tena. Leo tunamjua kwa maandishi machache ya mabaharia na kwa mifupa iliyofukuliwa.

Kosa lake lilikuwa nini? Hakutegemea kiota cha jirani. Alichotegemea ni amani ya kisiwa kisichokuwa na mnyama wa kumwinda. Ikumbukwe kwamba bata hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa wakati mmoja, wakakosa kuruka kwa wiki kadhaa. Pasipo adui, hilo si neno. Lakini meli zilileta watu wenye njaa, nguruwe, paka na panya; bata asiyeweza kuruka akawa kitoweo, na mayai yaliyo chini yakawa chakula cha kila mwenye meno.

Kwa hiyo aliyejitegemea ameangamia, na aliyewategemea wengine yungali hai. Siri ya huyu wa pili ni kwamba hakuweka mayai yake yote kwa mwenyeji mmoja: yamekutwa katika viota vya bata wengine, vya shakwe, hata vya ndege wala nyama. Hata hivyo hana usalama kamili, kwani kukuziwa huyatupa mengi ya mayai hayo. Tena bwawa likikaushwa, wenyeji wake wote huondoka pamoja.

Ndugu aliyesalia kwetu amesimama katikati ya hao wawili. Bata bukini wa Misri hulea makinda yake mwenyewe, dume na jike wakishirikiana, lakini kuhusu nyumba hana haya: hutaga ardhini, kwenye mashimo, au huingia katika kile kiota kikubwa kama kapu kilichojengwa na fundichuma juu ya mti. Anapoishi pia amezoea fisi, mamba na kenge tangu zamani, somo ambalo yule wa Mauritius hakulipata.

Asilolizoea ni jembe na moto. Mafunjo ya mwambao, tangu Kendu Bay hadi mdomo wa Mto Kuja, hukatwa kwa mikeka, huchomwa na kulimwa. Ndege anayetaga ndani ya mafunjo hayo, awe mlezi au mdandiaji, hana kisiwa kingine cha kukimbilia.