Kinga ya Mwili Inapopitiliza: Kwa Nini Korona Iliwalemea Baadhi Yetu



Mapema Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alitangaza habari nzito: katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia, na shida ya kupumua ilitajwa. Waumini wengi, hapa Mikese na kwingineko, walibaki wakijiuliza: mbona mgonjwa huanza na mafua tu, kisha baada ya wiki anazidiwa ghafla?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika kinga ya mwili wenyewe. Virusi vikiingia katika seli za njia ya hewa, seli hizo hutoa ishara ya hatari. Chembechembe nyeupe za damu huitika. Makrofaji na nyutrofili hutangulia, zikimeza virusi na mabaki ya seli zilizokufa. Baada ya siku kadhaa hufuata limfosaiti: seli T huua seli zilizoambukizwa, na seli B hutengeneza kingamwili. Kwa watu wengi vita huishia hapo.

Kwa wachache, hasa wazee na wenye kisukari au magonjwa ya moyo, ishara ya kwanza huweza kuchelewa, na virusi huzaliana sana. Makrofaji huendelea kupiga mbiu kwa kemikali ziitwazo saitokini, hata virusi vinapopungua. Nyutrofili humiminika mapafuni na kuharibu kuta nyembamba za vifuko vya hewa. Majimaji huvuja na kujaa humo, oksijeni isipite vizuri kuingia kwenye damu. Ni sawa na wanakijiji waliokuja kuua nyoka, wakaishia kuchoma nyumba.

Juni 2020, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni bila mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwa hiyo tusiikimbilie duka la dawa kwa kikohozi cha siku ya kwanza: ni kuwafunga mikono askari wakati adui ndiyo kwanza anabisha hodi.

Chanjo, iliyozinduliwa nchini na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, huzifundisha seli B na T mapema, ili ziwahi.

Ndugu msomaji, ukimwona mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake inageuka rangi ya bluu, usisubiri kesho. Mwombee huku mkiwa njiani kwenda hospitali.