Zebaki, Sianidi na Maji Tunayokunywa Mpakani

Mzee mmoja kutoka upande wa Tiira aliwahi kufika kituoni akiwa na chupa ya soda iliyojaa maji ya kijito. Aliiweka mezani akasema, "Afande, tazama mwenyewe." Nilitazama. Maji yalikuwa maangavu, hayakuwa na rangi wala harufu niliyoweza kuitambua. Mzee alieleza kuwa asubuhi hiyo aliwakuta samaki wadogo wakielea matumbo juu, na kwamba mbuzi wake wawili walikuwa wamekunywa hapo. Alitaka mtu akamatwe kabla ya saa sita mchana.

Nimeikumbuka chupa ile mara nyingi, kwa sababu inaonyesha ugumu wa jambo hili. Tumezoea kuyapima maji kwa macho. Yakiwa na tope tunayakataa, yakiwa maangavu tunayajaza katika mitungi. Lakini sumu zinazotumika katika baadhi ya biashara zetu za Busia na Tororo haziyachafui maji kwa namna ambayo jicho linaweza kuiona.

Tuanze na dhahabu, kwa kuwa ndiyo inayowaajiri wengi na ndiyo inayoleta kemikali kali zaidi. Katika machimbo ya Tiira, Syanyonja na kwingineko wilayani Busia, mwamba hupondwa, husagwa kuwa unga, kisha unga huo huoshwa ili chembe nzito zibaki. Hapo huongezwa zebaki, ambayo wachimbaji wengi huiita mekuri. Zebaki ni metali iliyo kimiminika, nayo hushikamana na dhahabu ikaunda kidonge laini cha rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa kidonge hicho ni zebaki. Mchimbaji hukichoma juu ya jiko la makaa, zebaki ikapaa kama mvuke, dhahabu ikabaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta kwanza ni yule aliyeinamia jiko, na mara nyingi mtoto aliyeketi karibu yake. Unaobaki hupoa na kutua juu ya udongo, juu ya majani na juu ya mabati. Familia inayochoma kidonge uani na kukinga maji ya mvua kutoka bati hilohilo inajirudishia sumu yake ndani ya pipa.

Njia ya pili ya zebaki kufika majini ni ile ya karai. Kazi ya kuosha hufanyika palipo na maji, nayo mara nyingi hufanywa na akina mama walioinama kandokando ya kijito au ya shimo lililojaa maji. Kila mara karai linapotikiswa, matone madogo ya zebaki hutoroka pamoja na mchanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki kwa kila lita ya maji ya kunywa. Hesabu yake ni rahisi: gramu moja ya zebaki, ambayo ni tone dogo kuliko punje ya mahindi, kama ingeyeyuka yote, ingetosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji ya mitungi zaidi ya 8,000 ya lita ishirini. Kwa kweli haiyeyuki yote kwa mara moja. Huzama katika tope na kukaa humo miaka mingi. Vijidudu vya tope huigeuza kuwa aina kali zaidi, inayoingia katika wadudu wa majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa wanaowala hao wadogo, ikiongezeka kila hatua. Mama mjamzito anayekula samaki hao humpitishia mtoto aliye tumboni, na sumu hiyo huudhuru ubongo ungali unajengeka.

Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu huko Minamata, nchini Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba waliyokuwa wakivua watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali ya huko ilikiri chanzo chake mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ukaitwa Mkataba wa Minamata. Uganda iliuridhia mwaka 2019 na Kenya mwaka 2023.

Sasa sianidi. Zebaki haishiki dhahabu yote, hivyo mchanga uliokwisha kuoshwa hurundikwa na kuuzwa kwa wenye matangi. Huko hulowekwa katika maji yenye sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu iliyosalia. Chokaa huongezwa ili sumu ibaki ndani ya maji. Chokaa ikipungua, sehemu ya sianidi hugeuka kuwa gesi yenye uwezo wa kuua mtu aliyesimama kando ya tangi. Sianidi huua haraka. Samaki hufa kwa kiasi kidogo sana, na mifugo inayokunywa kwenye dimbwi la mabaki huweza kuanguka hapohapo. Afadhali yake ni kwamba jua na hewa huivunja kadiri siku zinavyopita, jambo ambalo hayawezi kuifanyia zebaki. Ubaya mkubwa hutokea mchanga wenye zebaki unapolowekwa katika sianidi: zebaki iliyokuwa imelala katika mchanga huyeyuka, na sasa inaweza kusafiri na maji hadi mbali. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata unautaja mtindo huo kuwa miongoni mwa mambo manne ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha. Mengine ni kutia zebaki katika mwamba wote badala ya chembe nzito tu, kuchoma kidonge mahali pa wazi, na kukichoma katika makazi ya watu.

Wengi wetu husema, "Tutayachemsha." Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa maana ushauri wa kuchemsha tumeutoa wenyewe mara nyingi wakati wa kipindupindu. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi metali. Maji yanapopungua ndani ya sufuria, zebaki na risasi hubaki katika maji machache zaidi. Maji yenye sianidi yakichemshwa hutoa mvuke wa sumu jikoni. Dawa ya klorini haitengenezwi kwa kazi hiyo, wala kitambaa cha kuchujia. Maji yaliyoshukiwa kuwa na kemikali hayana tiba ya nyumbani. Yanaachwa, na mtu anachota kwingine.

Biashara nyingine nitazipitia kwa haraka. Wanaoosha malori kando ya mito na vijito huacha oili na grisi. Wanaotengeneza betri humwaga tindikali na kuacha risasi. Wauzaji wa dawa za mimea huhifadhi chupa chini, na mkulima akimaliza kunyunyizia huosha pampu mtoni, pengine chupa tupu ikageuzwa kuwa ya kubebea maji ya shuleni. Hili la chupa lingekomeshwa leo, bila sheria mpya wala gari la polisi: itobolewe itakapokwisha.

Maji yetu ni ya kushirikiana kuliko tunavyodhani. Mto Malaba huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hupita mpakani, huingia Uganda na kuelekea Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Maji ya bomba ya mji wa Tororo hutekwa kutoka mto huo. Mto Sio hutoka Kenya, huwa mpaka wenyewe kwa masafa fulani, kisha humwaga maji Ziwa Viktoria karibu na Majanji na Sio Port. Kinachomwagwa Busia ya Uganda huweza kunyweka Busia ya Kenya, na kinyume chake. Mtambo wa maji wa mjini husafisha tope na vijidudu. Usidhani umejengwa kwa ajili ya kuondoa sianidi ya mtu mmoja aliyefungulia dimbwi lake usiku wa mvua.

Sheria ipo pande zote mbili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema hivyo katika kifungu cha 42, na kifungu cha 43 kikaongeza haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 nchini Uganda, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 nchini Kenya, zinafanya uchafuzi kuwa kosa la jinai. Kingo za mito zinalindwa pia: kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinahifadhi mita 30 kutoka ukingoni kwa mito mingi, na mita 100 kwa ile mikubwa iliyoorodheshwa. Tangi la sianidi lililo hatua kumi kutoka kijito halihitaji kupasuka ili liwe kosa.

Narudi kwa mzee wetu. Chupa yake haikuweza kutufaa, nami nilimweleza kwa masikitiko. Mahakama huuliza nani aliyachota maji, wapi, saa ngapi, na nani aliyashika tangu hapo hadi maabara. Kuna la ziada pia: zebaki hunata katika plastiki, nayo sianidi huvunjika ikikaa juani, kwa hiyo sampuli huchukuliwa katika vyombo maalumu, hutiwa dawa ya kuihifadhi, hufungwa kwa lakiri mbele ya mashahidi na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, Wandegeya. Alichotusaidia mzee ni maneno yake. Alijua saa aliyowaona samaki, alijua mvua ilinyesha usiku, na alijua ni dimbwi la nani lililo juu ya kijito. Kwa hayo tuliweza kuanza kazi.

Kwa hiyo ukiona samaki au ndege waliokufa ghafla, madimbwi yaliyopasuka, madebe yenye alama ya fuvu, au lori likimwaga kitu mtoni, usiguse wala usinuse ili kuhakiki. Watoe watoto na mifugo. Watangulize habari wale wanaochota maji chini ya mto, kwa sababu wao ndio walio hatarini zaidi, kabla hata ya kutafuta wa kulaumiwa. Kisha mjulishe mwenyekiti wa LC1 au, upande wa Kenya, chifu, na upige simu polisi kwa 999 au 112, namba ambazo hutumika katika nchi zote mbili. Andika saa, mahali, na namba ya gari kama lipo. Picha ya simu inasaidia. Aliyemeza maji hayo na kuumwa kichwa, kizunguzungu au kukosa pumzi apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kinachoshukiwa.

Najua kwa nini wengi hawapigi simu. Machimbo ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, na jirani anayetoa taarifa huogopa kuitwa adui wa kijiji. Siwezi kuahidi kwamba hakuna atakayeulizwa maswali. Ninachoweza kusema ni kwamba taarifa haimaanishi mgodi kufungwa. Sheria ya Madini ya 2022 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa njia ya kupata leseni, na aliye na leseni anaweza kudai mafunzo na ukaguzi badala ya kujificha. Zipo pia kazi nafuu. Kidonge kinaweza kuchomwa ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopitishwa katika maji baridi, mbali na nyumba: mvuke hupoa, sehemu kubwa ya zebaki ikarudi ikiwa kimiminika, na mwenyewe akaokoa fedha. Kuoshea katika shimo lililosakafiwa, lililo mbali na kijito, kunagharimu mifuko michache ya saruji.

Mvua inapokaribia ndipo tunapoomba macho yenu zaidi. Mwenye dimbwi alipunguze maji na ainue kingo kabla mawingu hayajakusanyika, na jirani anayeona kingo zimechoka aseme siku hiyo. Ofisi ya mahusiano ya jamii hupokea taarifa hata bila jina, kwa Kiswahili, Kisamia, Kijapadhola au Ateso, kwa namna yoyote itakayomrahisishia msemaji.