Soko la betri: lipia wati-saa, usilipie Ah

WANUNUZI wengi wa betri za sola huuliza swali moja tu dukani: "Ya ampea ngapi?" Swali hilo ni nusu ya hesabu, na nusu inayoachwa ndiyo inayokula mtaji.

Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo unaopita, na wati ni volti mara ampea, yaani kasi ya kazi inayofanyika. Namba ya Ah kwenye lebo haina maana kamili mpaka izidishwe kwa volti. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ya volti 6 yenye Ah 200 ina 1,200 zile zile, ingawa kwa macho inaonekana maradufu.

Tuchukue saluni ya kunyolea. Mashine mbili za wati 10, taa tatu za wati 10 na televisheni ya wati 50 ni jumla ya wati 100. Kwa saa sita ni wati-saa 600. Inverta nayo hupoteza karibu moja ya kumi, hivyo andika 660. Lakini betri ya asidi ya wati-saa 1,200 haifai kushushwa chini ya nusu, yaani 600. Mwenye saluni hatakatikiwa umeme siku ya kwanza. Atakuwa anaifupishia betri maisha kila jioni. Akizima televisheni hesabu inakaa vizuri, ila televisheni ndiyo inayovuta wateja.

Sasa bei. Tuseme betri hiyo ni Sh 300,000, na ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 100, ni Sh 700,000. Ya lithiamu hutumika hadi asilimia 80, yaani wati-saa 1,024. Kwa chaji moja, ya asidi inagharimu Sh 500 kwa wati-saa, ya lithiamu Sh 684. Ya asidi ni nafuu. Lakini ikiwa ya asidi itahimili mizunguko 500 na ya lithiamu 2,000, wati-saa moja inakuwa Sh 1 kwa ya kwanza na senti 34 kwa ya pili. Mwenye fedha za kusubiri anajua achukue ipi. Mwenye mkopo wa miezi sita ana hesabu nyingine.

Ampea zenyewe huamua nyaya. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta ampea 83. Kwenye volti 24 ni 42 tu, na joto katika waya ule ule hushuka hadi robo. Fundi anayefunga waya mwembamba kwenye mfumo wa volti 12 anakuachia hatari ya moto.

Ukiona lebo yenye namba ya CCA, hiyo ni betri ya gari. Imeundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini, haikuundwa kuwasha taa usiku kucha, hata muuzaji akiiita ya sola.