Umejifunga Wapi, Fundi?

Fundi plasta alikuwa ukingoni mwa slabu ya ghorofa ya kwanza, mita 3 na nusu kutoka ardhini. Kofia ngumu ipo, viatu vya usalama vipo, na mkanda mpya wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na mapajani, umemkaa vizuri. Msimamizi wa saiti alinionyesha kwa fahari, na fahari yake niliielewa, maana si zamani sana mtu alipanda juu na ndala zake.

"Umejifunga wapi, fundi?" nikamwuliza.

Akainama kunionyesha. Ndoano ya kamba ya mkanda ilikuwa imenaswa miguuni pake, kwenye mrunda ulioshikwa kwa misumari miwili.

Sikumlaumu. Alivaa alichopewa, akajifunga penye kitu cha kujifungia. Nilichukua futi kamba tukapima pamoja, na hesabu yenyewe ningependa kila anayefanya kazi juu aijue.

Pete ya mgongoni, inapoungwa kamba, iko kama mita 1.5 juu ya nyayo. Kamba ina mita 1.8. Ndoano ikiwa miguuni, mtu akiteleza, pete inashuka kwanza mita 1.5 mpaka usawa wa ndoano, kisha mita 1.8 nyingine ndipo kamba ikaze. Hizo ni mita 3.3 za kuanguka bila kushikwa na chochote. Sekunde moja haitimii, na mwili umeshafika kasi ya karibu kilomita 29 kwa saa. Kwa fundi wetu, kamba ingeanza kukaza nyayo zake zikiwa sentimita 20 tu kutoka chini.

Na kukaza hakutoshi. Mwili uliosimamishwa ghafla kwa kasi hiyo unaumia vibaya hata kama haukugusa ardhi. Ndiyo maana kamba nzuri ina kifuko kidogo ambacho mafundi wengi hudhani ni pambo. Ndani yake kuna utepe uliokunjwa na kushonwa. Ukivutwa kwa nguvu, mishono inafumuka mmoja baada ya mwingine, na kila unaofumuka unameza sehemu ya kishindo. Viwango vya Ulaya vinataka nguvu inayoufikia mwili isivuke kilonewtoni 6, kama uzito wa kilo 600. Lakini kufumuka huko nako kunataka nafasi, hadi mita 1.75. Hesabu kuanzia ndoano kwenda chini: kamba, utepe uliofumuka, urefu wa kutoka pete hadi nyayo, na mita 1 ya tahadhari. Inavuka mita 6. Hamisha ndoano ileile iwe mita 2 juu ya nyayo, na nafasi inayotakiwa chini ya miguu inapungua hadi mita 4 hivi. Hata hizo hakuwa nazo.

Mrunda nao ungeng'oka. Kanuni za Marekani zinataka pale mtu anapojifunga pahimili zaidi ya tani 2 kwa kila mtu mmoja.

Kuna kifaa kinachofaa zaidi penye nafasi ndogo: kasha lenye kamba inayojikunja yenyewe, linaloning'inizwa juu ya kichwa. Kinafanya kazi kama mkanda wa gari. Ukitembea polepole kamba inakufuata. Ikivutwa kwa kasi, meno ya ndani yanatanuka na kuikamata. Ni kifaa kizuri sana, ila nacho kinauliza swali lilelile: kimefungwa wapi?

Halafu kuna jambo ambalo saiti nyingi hazijalifikiria kabisa. Aliyeshikwa na mkanda anabaki akining'inia. Mikanda ya mapajani inabana, damu inatuama miguuni, na kwa dakika chache anaweza kupoteza fahamu. Kama hakuna ngazi, winchi wala watu waliofundishwa kumshusha, ameokolewa nusu.

Kwa hiyo mimi huuweka mkanda mwisho kabisa. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaelekea hukohuko: vifaa vya kuvaa hutolewa pale njia nyingine za kinga zisipotosha, na mfanyakazi halipishwi. Daraja la Golden Gate huko San Francisco lilipojengwa miaka ya 1930, wavu ulitandazwa chini ya mafundi na ukadaka watu 19. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kukumbuka kunasa ndoano. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liling'oka, likauchana wavu, wakafa watu 10. Wavu uliwekwa kudaka watu. Jukwaa la tani kadhaa lilikuwa jambo jingine.

Kila kinga ina mpaka wake, na iliyo bora kuliko zote ni mtu kutopanda juu kabisa. Ndiyo sababu napenda droni kuliko vihisio vya kisasa vinavyotuma ujumbe kwenye simu mtu akishaanguka. Droni inakagua paa au ukuta wa nje, na fundi anabaki chini.

Siku ile plasta ilisimama kwa saa mbili. Vijana wakafunga mabomba kuzunguka ukingo wote, moja usawa wa kiuno, jingine usawa wa goti, na ubao chini wa kuzuia vifaa visidondoke. Juu yetu nondo za ghorofa ya pili zilikuwa zinasukwa. Mhandisi akaagiza pete za chuma zilizopimwa zifungwe kwenye nguzo kabla zege halijamwagwa. Fundi alivua mkanda, akautundika kwenye msumari, akarudi kwenye ukuta wake nyuma ya mabomba.