Usifute Zile Jumbe: Jinsi Mahakama za Uingereza Zinavyomzuia Msumbufu

Tuseme dada yako anaishi Leicester. Kila mwezi anakutumia pesa, na mkiongea anasema yuko sawa. Kumbe hayuko sawa. Mpenzi wake wa zamani, ambaye alishamfungia namba na akaunti zote, sasa anamtumia peni moja moja benki. Pale pa kuandika sababu ya malipo, anaandika matusi na vitisho.

Ukimwuliza mbona hachukui hatua, anakujibu, "Nitafanya nini? Si ni maneno tu."

Hapana, si maneno tu.

Sheria inasemaje?

England na Wales zina sheria ya mwaka 1997 ya kulinda watu dhidi ya unyanyasaji. Inamkataza mtu kumsumbua mwenzake kwa njia yoyote ile: simu, barua, mitandao ya kijamii, hata malipo. Lakini lazima iwe imetokea angalau mara mbili. Tusi moja la hasira halitoshi, na ugomvi wa kawaida pia hautoshi. Msumbufu naye hawezi kujitetea ati hakujua. Kama mtu mwenye akili timamu angejua, basi na yeye alipaswa kujua.

Anayesumbuliwa anaweza kwenda mahakama ya madai mwenyewe, bila kungoja polisi wafungue kesi, aombe amri ya zuio na hata fidia. Amri hiyo ina meno. Anayeivunja bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai na anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Msumbufu akiwa mume, mke, mpenzi wa zamani au jamaa, kuna njia nyepesi zaidi chini ya Sheria ya Familia ya 1996. Ombi hilo halina ada ya mahakama, na kukiwa na hatari jaji anaweza kutoa amri kabla upande wa pili haujasikizwa.

Je, kama hajulikani ni nani? Mahakama inaweza kuwazuia "watu wasiojulikana", na hata kuiamuru kampuni itoe maelezo ya mwenye akaunti. Hapo lakini utahitaji wakili, na gharama si ndogo.

Kampuni nazo?

Nazo hazijaachwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ilikubali mteja alipwe pauni 7,500 baada ya Bank of Scotland kumpigia simu mara 547 kuhusu deni. Kudai deni ni haki. Kumsakama mtu ni jambo lingine.

Mwaka 2009, British Gas ilijitetea kuwa barua za vitisho alizopata mteja wake wa zamani zilitumwa na kompyuta. Majaji walikataa kuitupa kesi hiyo. Kompyuta haijipangi yenyewe, kuna watu nyuma yake.

Mwambie dada afanye hivi leo

- Asifute kitu. Apige picha ya skrini ionyeshe tarehe, saa na jina la mtumaji.
- Apakue taarifa ya akaunti ya benki. Kila peni yenye tusi ni ushahidi.
- Aandike daftari: nini kilitokea, lini, nani alishuhudia.
- Asijibu matusi kwa matusi. Majibu yake pia yatasomwa kortini.
- Akiitishwa pesa ili aachwe, asitume. Anayelipwa leo hurudi kesho.
- Akihofia maisha yake, apige 999 mara moja.

Na wewe uliye Kenya?

Sheria yetu ya makosa ya mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27, pia inakuruhusu kuomba korti imzuie mtu aliyeshtakiwa kwa kukusumbua mtandaoni, hata nje ya saa za kazi. Kwa hivyo, kabla hujabonyeza "futa" kwa hasira, ngoja kidogo. Huo ujumbe unaokuumiza leo ndio utakaokusemea mbele ya hakimu.