Nia njema pekee haitoshi kumtibu mgonjwa

Wahenga walinena kuwa nia njema ni tabibu. Sikuwahi kuutilia shaka usemi huo hadi nilipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu, nikisomea saikolojia, na somo la mbinu za utafiti na takwimu likanifumbua macho.

Nakiri kwamba nililichukia somo hilo. Niliingia chuoni nikiamini kuwa nimeipa hisabati mkono wa buriani. Haja yangu ilikuwa kuwasikiliza waliofikwa na misiba, wala si kukokotoa wastani na asilimia. Wengi wetu tulikariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani, tukazisahau kesho yake.

Siku moja mhadhiri alituuliza: je, mtu aliyeungua moto anafaa kuketishwa na mshauri siku chache baadaye, asimulie yote yaliyomsibu? Sote tuliitikia kwa sauti moja kuwa anafaa. Ndipo akatueleza utafiti wa Jonathan Bisson na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1997. Wagonjwa 133 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa kikao kimoja cha ushauri, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopewa kikao walikuwa na maradhi yatokanayo na kiwewe. Miongoni mwa wale wengine, ilikuwa asilimia 9 tu.

Darasa lilinyamaza kimya. Hata hivyo, mhadhiri alituonya tusikimbilie kuhukumu, kwani waliopewa kikao walikuwa na hali mbaya zaidi tangu mwanzo. Utafiti mmoja haukati shauri. Lakini uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka wa 2002 nao haukuona kuwa kikao kimoja cha namna hiyo huzuia maradhi hayo.

Washauri wangeyajuaje haya kwa macho tu? Wengi wapatwao na kiwewe hupata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyopita. Mshauri asiye na kundi la kulinganisha humwona mgonjwa wake amepona, akajipongeza kwa kazi iliyofanywa na wakati.

Jambo hili linatuhusu. Nchi hii iliomboleza baada ya bomu la Nairobi mwaka wa 1998 na shambulizi la Garissa mwaka wa 2015. Kila msiba kama huo ukitokea, washauri huitwa. Walioumia wana haki ya kuhudumiwa na mtu anayejua ni ushauri upi husaidia, na upi waweza kudhuru.

Kwa hivyo nawasihi wanafunzi wa saikolojia wasilione somo la takwimu kuwa adhabu. Wahadhiri nao walifundishe kwa kuanza na mgonjwa, kisha ndipo waje kwenye kanuni. Wahenga hawakukosea: nia njema ni tabibu. Ila tabibu naye sharti apime kabla ya kutoa dawa.