Sauti ya Kwanza ya Neno

Mtoto aweza kuimba a, e, i, o, u bila kukosea hata moja, na bado akashindwa kusoma neno "bata". Si mjinga. Hajafunzwa kusikia kwamba neno lina vipande, na kila kipande kina sauti yake. Funzo hilo hutangulia kitabu, na hata mzazi asiyejua kusoma aweza kulitoa nyumbani.

Njia yake ni hii. Mama apepetapo mchele, na amwulize mtoto: "Baba, bata, barua. Maneno haya yaanza kwa sauti gani?" Mtoto akijibu "ba", mama aendelee: "Bata, barua, sahani. Lipi laanza kwa sauti nyingine?" Akikosea asikaripiwe, maneno yarudiwe polepole, na kila kipande kipigiwe kofi moja: ba-ta, sa-ha-ni.

Kiswahili chenyewe chasaidia sana katika kazi hii. Kiti, kisu na kikombe vyote huanza kwa ki. Vikiwa vingi huwa viti, visu na vikombe, na sauti ya kwanza hugeuka kuwa vi. Mtoto ayasikiaye mageuzi hayo, sikio lake limekwisha kufunguka.

Baadaye yafaa kuichambua ba: kwanza b, halafu a. Mwalimu aitamke b kama isikikavyo ndani ya neno, wala asiiite "bii". Ndipo herufi ziandikwe ubaoni, naye mtoto atazitambua upesi, kwa maana sauti zake alikwisha kuzizoea jikoni kwa mama yake.